Kuta Mbili za Gerês

Langoni kijana wa hifadhi alitupa ramani:
njia ya manjano saa tatu, nyekundu saa sita,
"na tafadhali, mama, mawe ya kale hayaguswi."
Mama akaviangalia viatu vyake, vipya, vya kamba za buluu,
akamjibu kwa Kireno cha huku, kile kinachomeza irabu:
"Hayaguswi. Sawa. Babu yangu angefurahi kusikia.
Yeye yalimla kidole."

Tukapanda polepole. Goti lake la kushoto
lina miaka arobaini ya kupiga deki ofisi za Lyon,
lilikwea kama mtu anayekwenda kulipa deni.
Wapanda baiskeli walitupita, tope hadi kope;
msichana mmoja akapiga yowe la furaha mteremkoni
na bonde likamrudishia, limepunguza kidogo,
kama muuza duka na chenji.

Penye nguzo za Warumi watu walikuwa wamepanga foleni ya picha.
Mama hakusimama. "Hao walipita tu."

Alisimama kwenye maghala ya mahindi,
yale yaliyo juu ya miguu ya mawe ili panya wakate tamaa,
kila moja na msalaba wake kichwani.
"Hili la wale wasiotusalimia.
Hili la Amadeu." Akainamisha macho.
Ndani palikuwa pamefagiwa, pamenyamaza,
na kibao cha lugha nne
ambazo hakuna hata moja iliyojua
mahindi yalihesabiwa usiku, gunzi kwa gunzi, mlango umefungwa.

Kisha malisho, farasi wafupi wenye mikia ya tope,
kisha zile kuta.

Huanza mbalimbali, kama ndugu waliogombana,
zikishuka mlima zinasogeleana,
zinasogeleana,
hadi shimo.
Waholanzi watatu walikuwa mle ndani wakicheka,
mmoja amejifanya mnyama, ametoa meno kwa kamera.

Mama akaketi ukutani. Akalaza kiganja juu ya jiwe.

"Nilikuwa na miaka tisa. Kijiji kizima kilitoka alfajiri,
padri pia, kila mtu na chake cha kupiga:
debe, kengele ya ng'ombe, mfuniko.
Mimi sufuria na mwiko.
Wakanisimamisha pale, penye mwaloni uliopinda,
ukuta ulikuwa umebomoka, niliambiwa nizibe pengo kwa kelele.
Mbwamwitu akaja bila haraka. Jike.
Matiti yamejaa, tumbo limegusana na mgongo.
Akanitazama kama mtu anayeuliza njia."

Ukungu ulipita kati yetu na Waholanzi, ukaondoka.

"Halafu?"

"Halafu sufuria ikanyamaza."

Kwetu, ghorofa ya sita, hadithi ilikuwa nyingine:
mwaka ule mbwamwitu aliruka ukuta, shetani yule,
na baridi ilipokaza akamaliza kondoo kumi na mmoja wa Amadeu,
Amadeu akauza shamba, akapanda meli ya Brazili,
wala hakuandika.
Nimeisikia kila Krismasi, baba akiisimulia,
mama akiwa jikoni, bomba limefunguliwa.
Haikuwahi kuwa na sufuria ndani yake.

Sikujua niseme nini, nikakata mkate.
Mkate wa mahindi, mzito, na jibini ya mbuzi.
Yule kijana wa langoni akatufikia akihema,
darubini shingoni, akatuambia kwa fahari
wapo tena, makundi machache, upande wa mpaka;
mkiwasikia usiku, pigeni namba hii.
Mama akaisoma kadi akiwa ameinyoosha mbali na macho,
akaitia mkobani, kati ya watakatifu wake.

Kisha akachukua kijiko,
akagonga mfuniko wa chupa ya chai, mara moja,
ti,
na mkono wake mwingine ukapanda hewani
kutunyamazisha sote: mimi, kijana, Waholanzi shimoni.
Hata sasa sijui alikuwa anasikiliza nini.
Chai ilipoa. Mkono haukushuka.